Siku Mbili kwa Fundi wa Pinde, Ngaramtoni

Mgeni mmoja niliyemtafutia nyayo za wanyama msimu uliopita aliniachia upinde wake wa kompaundi, ule wa kisasa wenye magurudumu kwenye ncha zake, alipokuwa akiondoka nchini, na kwa miezi minne nilijifunza nao vibaya. Yeye ni mrefu kunizidi kichwa kizima. Kila nilipofyatua, upote, yaani kamba ya upinde, ulinichapa mkono wa kushoto hadi ukavimba, mshale ulikwenda ukitikisa mkia, na kwa umbali wa mita 20 sikuweza kuweka mishale mitano ndani ya eneo la sinia. Mwenzangu wa kambini ndiye aliyenielekeza kwa mzee mwenye karakana ndogo upande wa Ngaramtoni, nje kidogo ya Arusha, anayerekebisha pinde za aina hii. Mzee huyo hapendi jina lake litajwe mtandaoni, na karakana yenyewe haina kibao, kwa hiyo nitaieleza kazi yake tu.

Nilimwamkia, nikauweka upinde mezani, nikaomba anifundishe kulenga. Hakuugusa. Alichukua futi ya fundi cherehani, akanisimamisha ukutani nikiwa nimenyoosha mikono yote miwili, akapima kutoka ncha ya kidole cha kati cha mkono mmoja hadi cha mkono wa pili: sentimita 175, yaani inchi 69 kasoro kidogo. Akaigawanya kwa 2.5, akapata inchi 27 na nusu, ilhali upinde wa mgeni wangu ulikuwa umefungwa kwa urefu wa kuvuta, yaani umbali upote unaovutwa, wa inchi 30. "Mwanangu, upinde huu bado ni wa mwenyewe," aliniambia, kisha akanieleza makosa yangu yote kabla hajaniona nikirusha mshale hata mmoja: kwamba nilikuwa nikiegemea nyuma, nikikaza kiwiko cha mkono unaoshika upinde hadi kikafunga, na nikiufuata upote kwa kidevu badala ya kuuacha upote uje usoni pangu. Alisema kweli katika yote matatu.

Kabla ya kuendelea alinipima jicho pia. Nilitengeneza tundu dogo kwa viganja viwili, nikaangalia kupitia hapo bawaba ya mlango nikiwa nimefumbua macho yote, kisha nikafumba moja moja. Bawaba ilibaki mahali pake nilipotumia jicho la kulia, na kwa kuwa mimi navuta kwa mkono wa kulia, hapakuwa na mgongano. Mtu ambaye jicho lake lenye nguvu haliko upande wa mkono wake wa kuvutia ni vizuri alijue hilo kabla hajanunua upinde.

Ukutani mwa karakana umetundikwa upinde wa Wahadzabe wa kandokando ya Ziwa Eyasi, pamoja na mishale yenye manyoya ya kanga, na mzee aliutumia kunifafanulia tofauti. Upinde ule wa mti humzidishia mvutaji uzito kadiri anavyouvuta, hivyo aliyefika mwisho wa kuvuta hubeba uzito wote na hawezi kukaa hapo kwa muda mrefu. Upinde wa kompaundi, uliobuniwa na Mmarekani Holless Wilbur Allen na kupewa hataza mwaka 1969, una magurudumu yasiyo duara kamili kwenye ncha zake mbili. Yakishazunguka kupita kilele, uzito hupungua ghafla. Wangu hupunguza asilimia 80. Mgeni alikuwa ameufunga kwa ratili (pauni) 60, na mzee aliponikalisha kwenye kigoda na kuniambia niuvute bila kuinua mikono juu na bila kutupa kiwiliwili nyuma, nilishindwa. Akalegeza bolti za mikono ya upinde, yaani vipande viwili vinavyopinda, mizunguko sawa juu na chini, hadi ratili 50, na hapo nikauvuta kwa utulivu na kushikilia ratili 10 tu mwishoni. Nilijisikia vibaya kupunguziwa. Yeye alinijibu kwamba mwindaji aliyekaa kimya nusu saa katika baridi ya alfajiri, misuli ikiwa imekakamaa, ndiye anayepaswa kuuvuta upinde huo, na hapaswi kuonekana na mnyama akihangaika.

Sehemu ya mishale ndiyo iliyonifundisha zaidi, na kwa maoni yangu ndiyo inayotofautisha karakana hii na duka la vifaa vya michezo. Nilidhani mshale ni mshale. Mzee alinionyesha namba 300 iliyoandikwa ubavuni mwa mishale niliyoachiwa, akanieleza kwamba ni kipimo cha ugumu: wano, yaani mwili wa mshale, huwekwa juu ya nguzo mbili zilizoachana inchi 28, hutundikwa uzito wa ratili 1.94 katikati, na kiasi linachopinda huhesabiwa kwa sehemu za elfu za inchi. Namba ikiwa ndogo, mshale ni mgumu. Mishale ya 300 ilimfaa mgeni mwenye upinde mrefu na mzito. Kwangu mimi, kwa ratili 50 na inchi 27 na nusu, haipindi inavyotakiwa inaposukumwa na upote. Alinikatia mishale sita ya kaboni ya namba 500, kila mmoja ukiwa na uzito wa greni 420 (greni ni kipimo kidogo cha uzito) pamoja na chembe yake, yaani ncha ya chuma. Watengenezaji wengi hawaruhusu mshale chini ya greni 5 kwa kila ratili ya upinde, kwa sababu mshale mwepesi kupita kiasi huurudishia upinde nguvu ambayo haikupata kitu cha kusukuma. Ndiyo maana pia upote haufyatuliwi mtupu, hata kwa kujaribu: mikono ya upinde inaweza kupasuka.

Baada ya kubadilisha nafasi ya magurudumu na kuubana upinde kwenye jiriwa maalumu, alifunga kitanzi kidogo kwenye upote ili kifyatuo changu, kile kifaa cha mkononi kinachoshika na kuachia upote, kishike hapo, akahakikisha mshale unakaa pembe ya nyuzi 90 na upote, kisha akaja kwenye tundu la kuchungulia, lile lililofungwa kwenye upote kwa ajili ya kulenga. Hapa ndipo nilipoona uzoefu wake. Aliniamuru nifumbe macho, nivute, niweke mkono chini ya taya panapojisikia pa kawaida, upote uguse ncha ya pua, halafu ndipo nifumbue. Tundu lilikuwa juu ya jicho langu kwa karibu sentimita moja. Wengi, alisema, hupinda shingo kulifuata tundu na kuishi na kosa hilo miaka. Alilishusha mara tatu hadi nilipofumbua macho na kuona duara kamili bila kusogeza kichwa.

Kisha tukapiga mishale kupitia karatasi iliyowambwa kwenye fremu, hatua mbili mbele yangu. Mshale ulionyooka huacha tundu moja safi lenye alama za manyoya. Wangu wa kwanza ulipasua karatasi kuelekea juu, ishara kwamba mkia ulitoka ukiwa umeinuka. Akashusha kitanzi kidogo sana. Mara ya nne karatasi ilikubali.

Siku ya pili hatukutazama shabaha kabisa hadi saa tano. Nilisimama mita tatu mbele ya marobota ya nyasi kavu, macho yamefumbwa, nikirudia mambo yale yale: kishikio kikae kwenye nyama ya chini ya kidole gumba, vidole vingine vilegee, bega la mbele lishuke, na mgongo ndio uvute hadi kifyatuo kiachie chenyewe bila mimi kukikamia. Kwa mtu mwenye haraka hiyo ni adhabu, lakini mimi nilihisi kwa mara ya kwanza kwamba mkono wangu wa kushoto haukuwa ukipigana na upinde. Mchana, kwa mita 20, mishale mitano ilikaa ndani ya eneo la kiganja.

Mzee huyu hamfundishi mtu kurusha pasipo kumfundisha kuhusu mnyama, na jambo hilo nalithamini kuliko mengine yote kwa sababu nimefuata damu ya wanyama waliojeruhiwa vibaya, nikalala nje na kuifuata tena asubuhi bila kuwapata. Mshale huua kwa kukata na kumwaga damu, si kwa mshtuko kama risasi. Hivyo lazima upite kwenye mapafu au moyo. Alichora swala kwa chaki: moyo wa wanyama wetu uko chini na mbele, kwenye mstari wa mguu wa mbele, theluthi moja ya kimo cha mwili kutoka chini ya kifua. Mshale uingie ubavuni, mnyama akiwa amesimama kwa upande au ameelekea mbali nawe kidogo, kamwe si akiwa amekutazama. Kuhusu umbali alinipa hesabu ambayo sikuwahi kuifikiria. Mshale wangu huenda takriban mita 70 kwa sekunde, sauti huenda takriban mita 340. Kwa mita 30, mlio wa upote humfikia swala kabla sehemu moja ya kumi ya sekunde haijapita, ilhali mshale bado una safari ya zaidi ya theluthi moja ya sekunde, na swala aliyeshtuka huwa ameshainama. Alinishauri mita 20 ziwe mpaka wangu, na akanitaka nikubali kwamba upinde wa ratili 50 si wa nyati.

Yapo mapungufu. Mishale haikuwapo nilipopiga simu, nikasubiri wiki tano hadi ilipofika, na hakuniambia mapema kwamba ningesubiri hivyo. Uwanja wake wa kulengea unaishia mita 30. Jiriwa ni moja, hivyo wateja wawili wakifika pamoja mmoja atakaa. Risiti niliipata kwa kuiomba. Nililipa shilingi 90,000 kwa kazi ya siku mbili bila kuhesabu mishale, na sikuona kuwa ni nyingi.

Jambo la kwanza analomwambia kila mteja ni kwamba kuwa na upinde si ruhusa ya kuwinda: Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali, na yeye hampokei anayemwuliza namna ya kukwepa hilo. Nilipenda kwamba alilisema bila kuulizwa.

Anayekwenda apige simu kwanza, afike asubuhi kabla ya upepo, aje na upinde wake, kifyatuo chake na mishale yote aliyonayo hata kama haimfai, na avae shati lenye mikono inayobana. Upote hurefuka kidogo unapotumika, na tundu la kuchungulia huanza kugeuka. Wangu umeshafikisha mishale 200 tangu siku ile, na Jumamosi ijayo naurudisha akaukaze.