Mashine ndogo za CNC kwa karakana ya nyumbani: ipi inakata nini

Tangazo la mashine ya CNC, yaani ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, huanza na ukubwa wa meza na wati za spindeli (mota inayozungusha kisu), na hayo mawili ndiyo yanayosema machache zaidi kuhusu kazi itakayotoka. Kompyuta huipeleka biti, yaani kisu kinachozunguka, mahali palipoandikwa. Kinachoizuia isisukumwe pembeni na chuma ni fremu, reli na skrubu. Kwa hiyo tumezipima mashine hizi kwa swali moja: itakata nini bila kutetemeka?

Tuanze na 3018, maana ndiyo mlango wa wengi. Jina lake ni vipimo vyake: eneo la kazi la mm 300 kwa 180, na mwendo wa juu na chini wa mm 45. Spindeli ni mota ya 775 ya volti 24 inayofika mizunguko kama 10,000 kwa dakika, na koleti (kibanio cha biti) ya ER11 hushika biti za shina la mm 3.175. Kwa bodi za saketi, akriliki na mbao laini inatosha kabisa, na fundi wa elektroniki hana sababu ya kutafuta kubwa zaidi.

Udhaifu wake uko kwenye fimbo mbili za mviringo za mm 10 zinazobeba spindeli. Zimeshikwa kwenye ncha tu, kwa hiyo hupinda zaidi katikati, na katikati ndipo kazi nyingi hufanyika. Alumini inakatika, ila kwa adabu: biti ya jino moja, kina cha mm 0.1 hadi 0.2 kwa kila pito, mwendo wa mm 300 kwa dakika. Mwendo huo haukutoka hewani. Ni mizunguko 10,000, mara jino 1, mara mmego wa mm 0.03 kwa kila jino. Anayeogopa akashusha hadi mm 80 kwa dakika amebakiza mmego wa mm 0.008, na hapo jino halimegi tena, linasugua. Joto linapanda, alumini inaganda kwenye mifereji ya biti, biti inakatika, na mwenyewe anasema mashine ilikwenda kasi mno. Ilikwenda polepole mno.

Kuna mtego mwingine: ule mwendo wa mm 45. Weka ubao wa kafara (wa kuikinga meza isikatwe) wa mm 12 juu ya meza, kisha jiliwa la kimo cha mm 30, hesabu kilichobaki. Kwa 3018 kazi ibanwe moja kwa moja kwenye meza kwa vibanio vifupi au gundi ya pande mbili. Nunua toleo lenye swichi za mwisho, zinazosimamisha mashine ikifika ukingoni, na kitufe cha dharura. Usikimbilie kulivalisha spindeli ya wati 500: uzito unaongezeka palepale fimbo zinapopinda, na mota ndogo ya mhimili wa Z (wa juu na chini) nayo huanza kupoteza hatua, yaani kutofika inakoamriwa.

Shapeoko 4 na X-Carve ni ukoo mwingine, wa mashine zinazosogezwa kwa mikanda. Meza ni kubwa na kasi ni nzuri, na kwa vibao vya majina, milango ya makabati na plaiwudi ni chaguo la haki. Mkanda huvutika, tena mkanda mrefu huvutika zaidi. Uukaze sawa pande zote mbili za daraja (boriti inayobeba spindeli), la sivyo upande mmoja hutangulia na kona za mraba hazikai mraba. Badala ya spindeli, mashine hizi hubeba routa ya mkono (mashine ya kuchonga mbao) kama Makita RT0701C, ya mizunguko 10,000 hadi 30,000, au DeWalt DWP611, ya 16,000 hadi 27,000. Tungechukua Makita bila kusita, kwa sababu ya ile 10,000 ya chini: plastiki haiyeyuki upesi, na biti pana ya kusawazishia ubao huhitaji kuzunguka taratibu.

Na chuma? Hapa ndipo watu huumizwa na matangazo. Kasi ya makali, kwa mita kwa dakika, ni 3.14 mara kipenyo cha biti kwa milimita, mara mizunguko, gawanya kwa 1,000. Biti ya mm 6 kwenye mizunguko 10,000 inakwenda mita 188 kwa dakika. Biti ya kabaidi kwenye chuma cha kawaida hupenda mita kama 80 hadi 100, yaani mizunguko kama 5,000. Biti ya HSS, chuma kigumu cha visu, hupenda 25 hadi 30, yaani kama 1,500. Routa haishuki huko, na hata ingeshuka isingekuwa na nguvu ya kusukuma. Makali yanaungua kabla hayajamaliza pito la pili.

Anayetaka chuma atazame mashine za benchi zenye nguzo: Sherline na Taig, zote za Marekani. Sherline huzunguka kati ya 70 na 2,800 kwa dakika, na meza yake huenda karibu mm 220 kwa upande mrefu. Ni ndogo, mtu mmoja anaibeba, lakini njia yote kutoka biti hadi kazi ni fupi, na ufupi huo ndio uimara. Kasoro yake huonekana na biti ndogo. Biti ya mm 1 yenye meno mawili, ikimega mm 0.005 kwenye mizunguko 2,800, inakwenda mm 28 kwa dakika, na kazi ya saa moja inageuka ya nusu siku. Seti ya kapi za mizunguko 10,000 huuzwa kando, na kwa mchongaji wa shaba ni lazima. Taig tayari ina kapi za hatua sita na spindeli ya ER16.

Kununua mashine ya mkono ya aina ya Sieg X2 na kuivalisha mota mwenyewe kunakupa chuma kizito zaidi. Hesabu wikendi kadhaa za kurekebisha vipande vya kuondoa ulegevu kwenye njia za meza kabla hujafunga hata mota moja. Kwa mashine ya kukereza kuna onyo moja: GRBL ya kawaida, programu inayoendesha mota za mashine nyingi ndogo, haikati nyuzi za skrubu, kwa kuwa haiwezi kuoanisha mwendo wa kisu na mzunguko wa spindeli. Tumia programu ya LinuxCNC au grblHAL, na ufunge kisoma-mzunguko kwenye spindeli.

Nomad 3 na Roland SRM-20 ni masanduku yaliyofungwa, nadhifu, yanayokaa hata chumba cha kusomea. SRM-20 ni ya nta, plastiki na bodi za saketi, usiiletee chuma.

Katikati ya makundi hayo kuna routa za CNC zenye skrubu za gololi (nati yake hutembea juu ya gololi) na reli bapa, kama Shapeoko 5 Pro. Kama kazi ni mbao na alumini kwa pamoja, pesa ziende hapa. Skrubu ya SFU1605 ina kipenyo cha mm 16 na husogea mm 5 kwa mzunguko; kiwango cha usahihi cha C7 kinaruhusu kosa la mm 0.05 kwa kila mm 300. Kwa mota ya hatua 200 kwa mzunguko, kila hatua ikigawanywa mara 16, andika 640 kwenye mpangilio wa GRBL unaoitwa $100, wa hatua kwa kila mm (200 × 16 ÷ 5). Muuzaji akisema “skrubu ya gololi” bila kutaja aina ya reli, muulize. Skrubu nzuri juu ya magurudumu ya plastiki ni viatu vipya kwenye mguu uliovunjika.

Spindeli ya VFD (kifaa cha umeme kinachobadili kasi ya mota) hufika mizunguko 24,000 kwenye hezi 400. Ya kupozwa kwa maji ni tulivu sana, lakini pampu ikizimika inaungua. Ya hewa ina feni kwenye mhimili wake wenyewe, hivyo ikizungushwa polepole haipoi. Kabla ya kuiwasha, pima kwa mita kati ya mwili wa spindeli na pini ya athi: baadhi ya spindeli hutoka kiwandani pini hiyo ikiwa haijaunganishwa na kitu. VFD hiyohiyo ndiyo chanzo cha ugonjwa unaosumbua wengi, kazi kukatika katikati kwa sababu USB imepotea au swichi ya mwisho “imeguswa” bila kuguswa. Tumia waya wenye ngao, ngao iungwe athi upande mmoja, waya za swichi zipite mbali na za spindeli, na kapasita ya µF 0.1 iwekwe kwenye pini ya swichi.

Mashine ikifika, au ukienda kuangalia iliyotumika, chukua geji ya saa, ile ya mshale inayopima mwendo mdogo. Sogeza mhimili mm 1 mbele, weka sifuri, ongeza mm 1, kisha rudisha mm 1. Kinachopungua kufika sifuri ni ulegevu. Skrubu za gololi zisizidi mm 0.05 hivi, skrubu za T8, zisizo na gololi, zenye nati ya kawaida zikitoa 0.15 usishangae. Kisha sukuma spindeli pembeni kwa mizani ya kilo 5 huku geji ikiwa kwenye biti. Ikisogea chini ya mm 0.05, alumini itakwenda vizuri, ikizidi 0.2, baki na mbao. Mwisho kata mraba wa mm 300 na upime ulalo wote wawili. Tofauti ya mm 0.5 maana yake daraja limepinda karibu mm 0.35 kwa urefu huo.

Mota za mashine hizi ni za stepa, zinazosogea hatua kwa hatua, na hazina macho: zikipoteza hatua, GRBL haijui, inaendelea kuchonga mahali pasipo pake. Endesha njia ndefu hewani kwa nusu saa, rudi sifuri, soma geji. Isiporudi, kagua kwanza skrubu ndogo za kubana kwenye viunganishi vya mota kabla ya kulaumu programu.

Kwa programu, Fusion ya matumizi binafsi huondoa mwendo wa haraka wa G0 na kubadili biti ndani ya faili moja. FreeCAD haina vizuizi hivyo ila inahitaji uvumilivu. Ukikuta mashine iliyotumika yenye Mach3, programu ya kuiendesha kutoka kompyuta, na plagi ya paraleli, kumbuka kwamba kiendeshi chake cha paraleli kinataka Windows ya biti 32. Chuma kikiwa kizima nunua, ng'oa kadi, weka nyingine.