Kamba ya shingoni inayoachia: kifungo cha plastiki au uzi wa pamba?

Pale Kisenyi, Kampala, vijana wa mashine za kusaga mahindi huinama juu ya mikanda inayozunguka, funguo zikining'inia shingoni. Wengi wanapenda kamba ya parashuti ya nailoni. Aina yake ya 550 hubeba kilo 250 hivi kabla ya kukatika. Ikinaswa na mkanda wa mashine, shingo haiwezi kushindana nayo. Lazima pawe na mahali dhaifu pa makusudi.

Kifungo cha plastiki ni vipande viwili vinavyochomoka vikivutwa. Unakata kamba, unaunguza ncha zisifumuke, unafunga kila ncha kwenye kipande chake, kifungo kikae kisogoni. Kikichomoka, unakirudisha na kazi inaendelea. Ila unga ukijaa ndani kinakaza, kwa hiyo kijaribu kila wiki: ning'iniza dumu la lita 5 lililojaa maji. Kisipoachia, kitupe.

Uzi wa kushonea ni rahisi zaidi. Kila ncha ifanye kitanzi kidogo, kisha unganisha vitanzi kwa uzi wa pamba, mzunguko mmoja tu. Hatari yake ni sisi wenyewe. Nilimwona fundi mmoja, uzi umemkatikia mara mbili asubuhi moja, akauzungusha mara sita. Hapo kamba imerudi kuwa kitanzi cha kunyonga.

Kwa mtu wa mashine nachagua kifungo, tena viwili, cha pili kikae karibu na bega, maana cha kisogoni kinaweza kunaswa na kola kisivutike. Kitambulisho cha ofisini, uzi unatosha.