Turnitin mikononi mwa mhadhiri wa Tabora: tathmini ya mtumiaji

Tasnifu ninazosimamia hapa Tabora hujirudia mada: tumbaku ya Urambo, ufugaji wa nyuki Sikonge, mikopo ya vikundi vya akina mama. Mada zikijirudia, kudesa nako hunoga, kwa kuwa kazi za waliotangulia huzunguka kwenye flashi kutoka mkono hadi mkono. Nimeitumia Turnitin, programu ya kukagua mfanano wa maandishi, kwa muda wa kutosha kuitolea maoni, nami nawaandikia wahadhiri wenzangu wanaoiamini kupita kiasi na wanafunzi wanaoiogopa bila kuielewa.

Programu hii ilianzishwa Marekani mwaka 1998 na huuzwa kwa taasisi. Hulinganisha andiko la mwanafunzi na kurasa za mtandao, makala za majarida na kazi za wanafunzi zilizohifadhiwa kwenye ghala lake, kisha hutoa asilimia ya mfanano na rangi yake: kijani hadi asilimia 24, njano kuanzia 25, rangi ya chungwa kuanzia 50 na nyekundu kuanzia 75. Zingatia kwamba kinachopimwa ni mfanano wa maneno. Wizi wa kitaaluma ni uamuzi wa binadamu aliyesoma.

Tasnifu moja ya tumbaku ilitoka na rangi ya njano, na mwenye kazi alifika ofisini akiwa ameshakata tamaa. Tulipoifungua ripoti pamoja, kilichokuwa kimepakwa rangi ni tamko la uhalisi wa kazi, orodha ya marejeo, majina ya kata, na zile sentensi za sura ya tatu kuhusu uteuzi wa sampuli ambazo kila mtafiti huziandika vilevile. Nyingine ilikuwa na asilimia 9, kijani kabisa, lakini asilimia zote hizo zilitoka kwenye chanzo kimoja na zilikuwa kurasa mfululizo za mjadala wa matokeo, mahali ambapo mwanafunzi alipaswa kusema alichokiona yeye mwenyewe kwa wakulima. Chuo kinachoweka ukomo wa asilimia na kuishia hapo kingemwadhibu wa kwanza na kumpongeza wa pili.

Ninachokipenda zaidi ni kwamba mwalimu anaweza kuiamuru programu isihesabu marejeo, nukuu na mifanano midogo, na anaweza kumruhusu mwanafunzi kuiona ripoti yake na kupakia upya kabla ya tarehe ya mwisho. Ripoti za marudio matatu ya kwanza hazicheleweshwi. Baada ya hapo husubiriwa saa 24. Hapa ndipo fedha ya chuo inapopata thamani yake, kwa sababu mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ambaye hajawahi kufundishwa kunukuu hujifunza kwa kuona sentensi yake ikiwa kando ya chanzo chake. Rasimu, hata hivyo, ipakiwe bila kuhifadhiwa kwenye ghala, la sivyo ikipakiwa tena na mwalimu mwingine, mwanafunzi ataonekana amejinakili mwenyewe.

Sehemu ya kutambua maandishi ya akili bandia, iliyoongezwa Aprili 2023 ikianza na Kiingereza pekee, siiungi mkono. Haina chanzo cha kuweka kando ya sentensi. Inatoa makadirio tu, na mwanafunzi hana cha kujitetea nacho. Chuo Kikuu cha Vanderbilt cha Marekani kiliizima Agosti mwaka huohuo. Mwaka 2023 watafiti wa Stanford walijaribu vitambuzi saba, Turnitin ikiwa si miongoni mwao, wakakuta kwamba kwa wastani zaidi ya nusu ya insha za watu wasiozaliwa na Kiingereza zilidhaniwa zimeandikwa na mashine. Wanafunzi wetu wengi wamelelewa kwa Kinyamwezi, Kisukuma au Kiha, wakasoma msingi kwa Kiswahili, ndipo wakakutana na Kiingereza cha darasani sekondari. Huandika kwa misemo michache waliyo na uhakika nayo, na uandishi wa namna hiyo ndio unaoviponza vitambuzi. Kampuni yenyewe inasema alama hiyo isiwe msingi pekee wa kumchukulia mtu hatua, na siku hizi alama ya kati ya asilimia 1 na 19 huonyeshwa kwa kinyota bila tarakimu.

Vikaratasi vya chumba cha mtihani haivioni kabisa, wala tasnifu mpya iliyoandikwa na mtu wa kulipwa. Kwa tasnifu kama hiyo namwita mwanafunzi na daftari lake la uwandani, namwomba anieleze alimhoji nani, kijiji gani, na kwa nini jedwali la pili linapingana na la tatu. Aliyefanya kazi huongea hadi muda ukaisha.

Kwa chuo kinachojiuliza kama kilipie huduma hii, ushauri wangu ni kilipie, kiwape wanafunzi ripoti tangu rasimu ya kwanza, na kitambuzi cha akili bandia kisiingizwe kwenye shauri lolote la nidhamu mpaka utaratibu wa kumsikiliza mtuhumiwa uwe umeandikwa na kupitishwa na seneti.