Darasa la programu la Jumamosi hapa Kisumu: mwalimu yuko sawa, fotokopi ndio mambo mbaya

Jina sitaji juu nitalalamika kidogo, lakini nimemaliza wiki nne kwa darasa moja hapa taoni na watu wananiuliza kama linafaa, basi wacha niseme.

Mwalimu sina neno naye. Siku ya pili niliandika programu yangu kwa lugha ya Python, laini ya kwanza pika(), yaani naita fanksheni (kipande cha kodi chenye jina), halafu def pika yenyewe, pale fanksheni inapoandikwa, iko huko chini. NameError, yaani jina halijulikani. Akaja akaangalia skrini akacheka, "Omera, unamwita mgeni na matatu yake bado haijafika Kondele." Python inaanza juu ikishuka, jina halipo mpaka ipite kwa hiyo def. Halafu akaihamisha def pika juu, ndani yake inaita osha(), na osha imeandikwa chini ya pika, mi nikasema hii sasa lazima ikatae, akaweka pika() mwisho kabisa wa faili na omena ikaoshwa ikapikwa bila shida. Kumbe Python haiendi kutafuta osha hadi pika iitwe, na saa hiyo def zote mbili zimeshapitwa. Hapo tu nilihisi pesa yangu imerudi.

Kwa lugha ya C unatangaza fanksheni mapema, laini moja tu juu, void osha(void);. Mwili utaandika popote. Ati zamani usipotangaza, kompaila (programu inayotafsiri kodi) ilikuwa inakisia yenyewe kwamba fanksheni inarudisha int, yaani namba nzima, C99, kiwango cha C cha 1999, ikaondoa hiyo tabia, lakini GCC, kompaila moja maarufu, ikabaki kukuonya tu hadi toleo la 14 mwaka wa 2024 ndio ikaanza kukataa. Lugha za Java na Go hazijali mpangilio, tulizipita mbio.

Sasa fotokopi zao. Unalipa mia mbili juu ya karo, na zimeandikwa eti JavaScript inaita fanksheni yoyote kabla haijaandikwa. Wapi! Nilikesha hadi saa saba usiku na const pika = () => {} (fanksheni iliyowekwa ndani ya jina kwa const) chini ya faili, pika() juu, ReferenceError, nikazima leptopu nikawasha, nikalaumu hadi stima. Inayokubali ni ile imeandikwa function pika() {}, injini inaichukua yote kabla ya kuendesha laini ya kwanza. Ya const jina linajulikana lakini huligusi mpaka laini yake ifike, na ukiweka var badala ya const ndio vituko zaidi, inakuambia pika si fanksheni, juu jina lipo lakini ndani bado hakuna kitu.

Nilimwonyesha mwalimu, akachukua biro akaikata hiyo sentensi kwa karatasi yangu. Yangu peke yake, maanake walioingia juzi nimeona wamepewa ile ile na mia mbili wametoa.

Mkienda, fotokopi waachieni, na kaeni upande wa dirisha, feni ya mlangoni haizunguki na joto la hapa mnalijua.