ScotlandsPeople: nilivyomfuatilia babu wa Dundee

Mume wangu ni Mskoti wa Dundee, na baba mkwe alitaka kujua jambo moja tu: babu wa babu yake, mfumaji katika viwanda vya juti (nyuzi za magunia), watu wake walitoka wapi? Jina lao la ukoo limejaa kule kama Mwangi anavyojaa Nyeri. Tovuti moja ya miti ya ukoo ilitupa jibu la haraka, mti mzima tayari, ila mama ndani yake alikuwa mdogo kuliko mwanawe. Nikahamia ScotlandsPeople, tovuti ya idara ya kumbukumbu za taifa ya Uskoti.

Kutafuta jina ni bure ukishajisajili. Unalipia kufungua picha ya ukurasa wenyewe. Nilinunua krediti 30, yaani pointi za kulipia, kwa pauni 7.50, na cheti kimoja kilikula 6. Anza na kifo, nakwambia. Cheti cha kifo cha Uskoti hutaja wazazi wote wawili wa marehemu, mama kwa jina la kwao, kwa hiyo unapanda kizazi kizima kwa mkupuo. Vya Uingereza vya zama hizo havina hayo.

Usajili wa serikali wa vizazi, ndoa na vifo ulianza 1 Januari 1855, na mwaka huo fomu iliuliza mambo mengi mno, hata ikapunguzwa mwaka uliofuata. Babu yetu alifariki mwaka huohuo! Watoto wake wote wamo kwenye cheti chake, kwa kufuatana, na umri wao. Wawili wameandikwa marehemu, na hakuna aliyewahi kuwasikia. Aliyetoa taarifa ni bintiye. Hakujua kuandika, akatia X, karani akaandika jina la binti kuizunguka. Baba mkwe aliitazama ile X kuliko maandishi yote.

Sensa nazo zimo, kuanzia 1841, ila ile ya kwanza ilishusha umri wa watu wazima hadi tano ya chini, kwa hiyo 30 yaweza kuwa 34. Msigombane bure.

Kuhusu asili yake, cheti na sensa ya 1851 vyote vinasema Ayalandi, basi, bila parokia. Sensa nyingi za huko ziliteketea Dublin 1922. Sasa tunapekua vitabu vya ubatizo vya Wakatoliki, ambavyo Maktaba ya Taifa ya Ayalandi imeviweka mtandaoni bure.