iconv: hodari wa kubadili, si wa kukisia

Ukiwa na faili za maandishi za zamani za kupeleka kwenye UTF-8, usimbaji (namna ya kuandika herufi kama baiti) wa kawaida wa leo, iconv ndiyo programu ya kuanza nayo. Linux nyingi na macOS huja nayo, na kazi yote ni mstari mmoja:

iconv -f WINDOWS-1252 -t UTF-8 zamani.txt > mpya.txt

Majina ya usimbaji inaoufahamu hutolewa na iconv -l.

Shida ni kwamba haikisii usimbaji wa faili. Inaamini unachoandika baada ya -f. Mtego mkubwa ni ISO-8859-1, usimbaji wa zamani unaofanana sana na Windows-1252. Humo baiti zote 256 zina nafasi katika Unicode (orodha ya herufi zenye namba kama U+0093), basi iconv haitalalamika kamwe, hata faili ikiwa ya aina nyingine kabisa. Baiti 0x93 na 0x94, ambazo katika Windows-1252 ni alama za kunukuu zilizopinda, zitageuka U+0093 na U+0094: herufi za udhibiti zisizoonekana. Faili nyingi zenye lebo ya ISO-8859-1 kwa kweli ni Windows-1252, na vivinjari huisoma lebo hiyo kama Windows-1252. Andika WINDOWS-1252.

Faida nyingine: jedwali la Windows-1252 lina baiti tano zisizo na herufi (81, 8D, 8F, 90, 9D). iconv ikikuta mojawapo inasimama na kutaja mahali. Usikimbilie -c kuinyamazisha, maana swichi hiyo hutupa isichoweza kubadili. Huenda faili ni UTF-8 tayari: nukuu ya kufunga huandikwa E2 80 9D, na hiyo 9D ndiyo iliyokwama. Pima kwanza:

iconv -f UTF-8 -t UTF-8 zamani.txt > /dev/null

Ikipita kimya, iache faili ilivyo. Ukiibadili tena, é itakuwa Ã©. Yakishatokea, geuza mwelekeo, -f UTF-8 -t WINDOWS-1252, na baiti za awali hurudi.

Kijapani kinataka uangalifu zaidi. Baiti 81 60 za Shift_JIS, usimbaji wa zamani wa Kijapani, ni U+301C kwa jedwali la JIS (viwango vya Japani), lakini U+FF5E kwa la Microsoft. Kwa macho hazitofautiani sana. Kwenye utafutaji hazikutani. Chagua jedwali moja kwa hifadhi nzima.

Na usielekeze matokeo kwa > kwenye faili ile ile unayoisoma: shell, programu inayopokea amri zako, huifuta yaliyomo kabla iconv haijaifungua.