Nimefunga rivasi kwenye guta langu hapa Mtwara, uzoefu wangu

Guta langu ni la kuungaunga, mbele pikipiki ya cc 150 nyuma bodi la kuchomelea, na toka niliunge halikuwa na rivasi. We wa barabara kubwa utaona kawaida tu ila mi nashusha saruji Mikindani, vichochoro vya kule mnavijua, ukiingia umeingia, kugeuza hakuna, mifuko 10 ya kilo 50 ni nusu tani hiyo afu unashuka unaanza kuita wajomba njooni mnisukume. Nikachoka.

Nikaagiza boksi la rivasi la Kichina toka Kariakoo, 180,000, likaja na basi. Boksi lenyewe sina neno nalo. Linakaa katikati, cheni moja inatoka injini inaingia kwenye boksi, nyingine inatoka kwenye boksi inaenda ekseli ya nyuma, na meno ya sproketi (vile vigurudumu vinavyoshika cheni) kuingia na kutoka yako sawa kwahiyo spidi ya kwenda mbele ni ileile.

Shida ufungaji jamani. Fundi wa kwanza (simtaji, tunaswali msikiti mmoja) alipima kwa jicho akachomelea, siku ya pili tu cheni ikachomoka sijafika hata Mikindani, mzigo umejaa, jua lile. 60,000 yake ikaenda hivyo. Wa pili yuko Magomeni ya hapahapa Mtwara, huyo alifumua weldingi yote akavuta uzi toka sproketi ya injini mpaka ya boksi, akavuta tena mpaka nyuma, uzi ulipolala sawa ndo akachoma, na mashimo ya bolti kayafanya marefu ili boksi lisogee cheni ikilegea. Akanambia ukienda mbele cheni ya kwenda ekseli inavuta upande wa juu, ukirudi nyuma inavuta wa chini, sasa ule ulegevu unaouvumilia mbele kwenye rivasi unaruka meno. Kweli bana, nilivyoacha kukaza wiki tatu ilianza kugonga ka ka ka nikirudi nyuma tu.

Kingine, simama kabisa kabla hujavuta ile rungu ya kuingizia rivasi, ukiivuta guta linatembea linasaga krrr mpaka unasikia huruma, na ikigoma kuingia lisukume kidogo tu inaingia. Na gia zote za injini zinafanya kazi kwenye rivasi, we baki namba moja, dogo wangu alitia namba tatu kujionesha kabomoa ukuta wa choo cha watu.

Miezi mitano sasa, nimebadili oili ya boksi mara moja, halivuji. Ila nyuma sioni kitu kwa sababu ya bodi, juzi pale Feri nimekanyaga beseni la mama mmoja, vibua vyote nikavinunua mimi. Mwenye king'ora cha rivasi cha volti 12 aniambie bei.